Marekani: Mgawanyiko Ndio Uliotangulia, au Kutoaminiana?

SWALI: Ndugu Mhariri, Marekani ina mahakama zenye nguvu, vyombo vya habari visivyohesabika na desturi ya uchaguzi ya zaidi ya miaka mia mbili, lakini sehemu kubwa ya raia wake haiamini serikali, wala magazeti, wala hata hesabu ya kura. Je, ugomvi wa vyama ndio ulioua imani hiyo, au kutoaminika kwa serikali ndiko kulikozaa ugomvi?

JIBU: Ndugu msomaji, tarehe zinaonyesha kwamba imani ilianza kuporomoka kabla vyama havijatengana kama vilivyo leo, tena iliporomoka kwa sababu za msingi. Mwaka 1964, asilimia 77 ya Wamarekani waliohojiwa walisema wanaiamini serikali ya Washington kutenda lililo sahihi daima au mara nyingi. Agosti ya mwaka huohuo Bunge lilimpa Rais Lyndon Johnson idhini ya kupanua vita vya Vietnam kwa kutegemea taarifa za mashambulio mawili dhidi ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, na la pili kati ya hayo halikutokea. Mwaka 1971 magazeti yalichapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi zilizothibitisha kwamba viongozi waliwaficha wananchi hali halisi ya vita hivyo, kisha tarehe 9 Agosti 1974 Richard Nixon akajiuzulu kwa kashfa ya Watergate, ya kuficha uvunjaji wa ofisi za chama cha upinzani cha Democratic. Kufikia mwisho wa mwaka huo imani ilikuwa imeshuka hadi asilimia 36.

Raia waliodanganywa wana haki ya kuacha kuamini, na mimi siwalaumu. Ninachotaka ukizingatie zaidi ni jinsi Nixon alivyoondoka: siku mbili kabla ya kujiuzulu, Seneta Barry Goldwater na viongozi wengine wa Republican, yaani wa chama chake mwenyewe, walikwenda Ikulu kumweleza kwamba hana tena kura za kumwokoa asiondolewe na Bunge. Ushahidi ulikuwa mmoja kwa wote, na wa upande wake waliukubali.

Uwezo huo ndio ulioliwa na mgawanyiko uliofuata. Baada ya sheria za haki za kiraia za 1964 na 1965, zilizopiga marufuku ubaguzi wa rangi, wahafidhina Weupe wa majimbo ya Kusini walihama polepole kutoka Democratic kwenda Republican, na vyama vilivyokuwa na mchanganyiko wa mirengo vikajichuja hadi dini, rangi na hata kuishi mjini au shambani vikaanza kwenda sambamba na kadi ya chama. Mwaka 1987 mamlaka ya mawasiliano ilifuta kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Kanuni hiyo haikuwa ikizibana televisheni za kebo, kwa hiyo haifai kulaumiwa kwa kila kitu, lakini kufutwa kwake kulizipa nafasi redio za siasa za upande mmoja, na mwaka 1996 zikaanzishwa televisheni za kebo za Fox News na MSNBC. Magazeti ya miji midogo, ambayo wasomaji wa vyama vyote waliyashiriki, yamekuwa yakifungwa tangu wakati huo kwa mamia.

Matokeo yake ni kwamba leo imani hupanda na kushuka kulingana na nani yuko Ikulu: rais wa Republican akiingia, wafuasi wake huanza kuiamini serikali ileile waliyoishuku mwezi uliotangulia, na wa Democratic huanza kuishuku. Ndiyo maana ushahidi hautulizi mgogoro. Katika uchaguzi wa rais wa 2020, jimbo la Georgia lilihesabu kura zake takribani milioni tano mara tatu, mara moja kati ya hizo kwa mkono, chini ya Brad Raffensperger, aliyekuwa msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo na ambaye ni Republican, na kila mara Joe Biden alionekana mshindi, kwa tofauti ya kura 11,779 katika matokeo ya mwisho. Mamilioni ya wapigakura wa Donald Trump, mpinzani wa Biden, hawakuacha kuamini kwamba aliibiwa ushindi, na Raffensperger akaitwa msaliti na wenzake. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko kura yoyote ya maoni.

SWALI: Je, kuna dawa iliyowahi kujaribiwa?

JIBU: Ipo, katika kanuni za uchaguzi zenyewe. Katika majimbo mengi mgombea huchujwa kwanza na wanachama wachache wenye msimamo mkali, hivyo anayewasikiliza wapinzani hujiweka hatarini. Mwaka 2020 wapigakura wa Alaska walipitisha mchujo wa pamoja wa vyama vyote, ambao wanne wa juu huingia uchaguzi mkuu na mpigakura huwapanga kwa kipaumbele, ili chaguo lake la kwanza likitolewa, kura yake ihamie kwa anayefuata. Mwaka 2022 utaratibu huo ulimrudisha Seneti Lisa Murkowski, Republican aliyepiga kura ya kumtia Trump hatiani katika kesi iliyosikilizwa na Seneti mwaka 2021, na ukamchagua Mary Peltola wa Democratic kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi. Ninauunga mkono, kwa sababu unamlazimu mgombea kuomba kura hata kwa wasiompenda. Hata hivyo, mwaka 2024 utaratibu huo ulinusurika kufutwa Alaska kwa tofauti ya kura zisizofika elfu moja, na wapigakura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon wakakataa mapendekezo ya namna hiyo katika majimbo yao.