Anza na zamu, vitanda vitafuata: kupanga watumishi na malazi ya chombo cha anga

Ndugu yangu wa Makambako, umeuliza chombo cha anga cha mizigo unachokibuni kwa ajili ya mchezo wako wa kuigiza, chenye abiria 20, kihitaji watumishi wangapi, na iwapo vyumba 40 ulivyochora, kila mtu na chake, vinatosha. Nimekuwa msimamizi wa mchezo wa aina hii, ambao wachezaji huketi mezani na kuigiza watu wa safari ya kubuni huku kete zikiamua matokeo, kwa muda mrefu hapa Mbeya, pamoja na kikundi ambacho ndani yake wamo walimu na fundi mmoja wa karakana ya reli, na jibu langu ni kwamba usichore chumba hata kimoja kabla hujajua ni kazi zipi haziwezi kuachwa bila mtu hata kwa dakika chache.

Katika chombo kama chako naziona kazi mbili za namna hiyo, usukani na mitambo. Siku ina saa 24, na mtu aliyekaa mbele ya vipimo kwa zaidi ya saa nane huanza kuviangalia bila kuviona. Kwa hiyo kila kazi isiyolala inadai watu watatu, na hapo tayari unao sita. Waongeze wanaofanya kazi mchana na kulala usiku, yaani nahodha, mganga, mpishi na msaidizi wake anayehudumia abiria, mkuu wa mizigo, na fundi wa matengenezo, uwe na watu 12. Huyo wa mwisho wasimamizi wengi humsahau. Fundi wetu wa reli ndiye aliyeng'ang'ania awepo, akieleza kuwa anayelinda mtambo unaozunguka hawezi wakati huohuo kuwa amelala chini ya mtambo mwingine akibadilisha beringi, na tangu tumkubalie, safari zetu zimekuwa na uhalisia ambao hapo awali haukuwapo.

Sasa vitanda. Rubani na mhandisi wa zamu moja walale chumba kimoja, kwa sababu huamka pamoja na hawamsumbui mtu mwingine. Hivyo watu sita wanapata vyumba vitatu. Nahodha awe peke yake, kwa kuwa mtu anayeamua ugomvi wa wenzake anahitaji mlango wa kufunga, na mganga alale pembeni ya zahanati. Wapishi wawili chumba kimoja, mkuu wa mizigo na fundi kingine. Hivyo ni vyumba saba. Kwa abiria, tazama mabehewa ya TAZARA yanayopita hapa kwetu: chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita, na wanaume hutenganishwa na wanawake isipokuwa wenyewe wamekodi chumba kizima. Kwa vitanda vinne vinne unapata vyumba vitano, nami ningeongeza cha sita, maana abiria hawaji wakiwa wamegawanyika sawasawa. Vyumba 13, si 40.

Nafasi iliyobaki usiirudishe yote kwenye mizigo. Binadamu hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, hivyo watu wako 32 wakisafiri siku 60 watahitaji zaidi ya tani moja na nusu, kabla hujahesabu maji na chakula. Kama chombo chako hakina mtambo wa kuwapa watu uzito kama wa duniani, kumbuka pia kwamba wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga hufanya mazoezi kwa takriban saa mbili kila siku ili misuli na mifupa isidhoofike; ukumbi wa mazoezi si anasa. Wao hulala katika vijumba vidogo, mfuko wa kulalia ukiwa umefungwa ukutani, na lazima hewa isukumwe kwa feni, kwa sababu pasipo uzito hewa chafu aliyoitoa mtu hubaki imemzunguka kichwa. Feni ya chumba kimoja ikizimika usiku, una kisa kizima cha kuwapa wachezaji wako.

Kuna pia mtindo wa nyambizi, ambako mabaharia wa zamu tofauti hupokezana kitanda kimoja. Ninaupenda sana kwa vyombo vya kivita au vya tajiri bahili, kwa kuwa watu wanaolalia godoro moja bila kuonana, isipokuwa dakika za kupokezana, huachiana ujumbe, hushukiana wizi, na hujuana kwa harufu ya sabuni kabla ya kujuana kwa sura.

Mwisho, mwandikie kila mtumishi kadi yenye jina, kazi, zamu na namba ya kitanda, kisha amua ni nani anayeweza kushika kazi ya nani. Rubani mmoja akiugua, wawili waliobaki watafanya saa 12 kila mmoja, au nahodha atashika usukani na kuacha kazi yake. Katika meza yetu, anayevuka saa nane kazini hupunguziwa alama moja ya kete kwa kila saa mbili za ziada, na wachezaji wamejifunza kuulizana nani amelala kabla ya kuamua kutua kwenye sayari wasiyoijua.