Jibu: asidi na besi bila maabara

Mwalimu wa Likoni, salamu. Umeuliza utafundishaje asidi na besi Gredi ya 8 bila maabara, watoto wakisinzia baada ya chakula cha mchana, na utajiendeleza vipi.

Anza na manjano ya jikoni. Koroga kijiko kimoja kwenye spiriti kidogo (mbali na moto), chovya karatasi nyeupe, anika, kata vipande. Kila kikundi kitone maji ya sabuni ya mche (besi): pale pale karatasi inageuka nyekundu ya matofali. Watone ndimu (asidi), rangi ya njano inarudi. Usiwaambie mapema, kila mmoja aandike kwanza anachotarajia.

Kisha wape maji ya ukwaju (asidi pia) na maji matupu. Vyote vinabaki njano! Hapo ndipo kipindi kinaponoga, maana watabishana mpaka wagundue kwamba manjano hubadilika kuanzia pH 8 hivi (pH ni kipimo cha asidi na besi: maji matupu ni 7, asidi ziko chini yake, besi juu), kwa hiyo hufichua besi lakini hayatofautishi asidi na maji.

Kuhusu kujiendeleza, ukipata nafasi ya mafunzo ya CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, Nairobi, nenda. Ila kilichonibadilisha mimi hasa ni mwenzangu aliyeketi nyuma ya darasa langu akiandika wanachofanya wanafunzi, si ninachosema mimi. Alinionyesha wasichana watatu wa dirishani ambao hawakugusa kifaa hata mara moja. Muhula mzima sikuwa nimewaona. Tafuta mwalimu mmoja hapo shuleni, mwombe akukalie kipindi kimoja wiki hii, nawe umkalie chake.