Gari ya saluni ya familia yenye umbo jipya: nini cha kupima kabla hujatoa fedha

Mtu anayetafuta gari ya saluni, yaani gari ya chini yenye buti iliyojitenga nyuma, ya kubebea familia hapa Unguja huonyeshwa kwanza uso wa gari. Dalali humwelekeza kwenye taa nyembamba, grili pana na rimu zinazong'aa, kisha humwambia kuwa hili ndilo umbo jipya, na bei hupanda hapo hapo. Mimi nililinganisha kwa muda mrefu Toyota Camry iliyobadilishwa mwaka 2017 na saluni nyengine zinazotoka Japani, yaani Premio, Mark X na Mazda Atenza, na ushauri wangu ni kwamba swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: kilichobadilishwa ni uso, au ni gari yenyewe?

Premio iliyopewa sura mpya mwaka 2016 inaonyesha vizuri ninachokusudia. Ukiiweka kando ya Premio ya mwaka 2007 utadhani ni gari mbili zisizohusiana, lakini ukilala chini ukatazama utakuta msingi ni ule ule, na tairi za nyuma bado zimeungwa kwa boriti moja kama zamani. Simaanishi kuwa hiyo ni aibu; kwa mafundi wetu ni neema, kwa sababu kila bushi na kila bolijointi yake wanaijua. Ila usilipe bei ya gari mpya kwa ajili ya taa na bampa.

Camry ya 2017 ilikwenda njia nyengine. Toyota iliijenga juu ya msingi wa TNGA, yaani muundo mpya wa Toyota wa kujengea gari zake mbalimbali, ambao ulianza kutumika kwenye Prius ya mwishoni mwa 2015, ikaipa injini mpya ya lita 2.5, ikarefusha nafasi baina ya tairi za mbele na za nyuma kutoka milimita 2,775 hadi 2,825, na ikabadilisha namna tairi za nyuma zinavyoshikiliwa, kwa kuweka mikono miwili pahala pa nguzo ya shokapu iliyokuwapo kwenye toleo lililotangulia. Mabadiliko ya aina hiyo hayaonekani kwenye picha, lakini unayahisi ukiwa umejaza watu. Barabara ya Makunduchi inapopita Jozani ina matuta yaliyowekwa kuwanusuru kima punju wasigongwe, na hapo ndipo ninapopenda kuijaribu gari: watu watano ndani, buti imejaa, mwendo wa pole, masikio wazi. Camry huliteremka tuta mara moja na kutulia. Premio hunyanyuka nyuma, ikarudi, ikanyanyuka tena kidogo, hasa ikiwa shokapu zimechoka. Tega sikio pia usikie kama tumbo la gari linakwaruza, kwa sababu Camry imekaa chini, na muuzaji hukupa ujaribu ukiwa peke yako.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko nguvu za injini, ni kiti cha nyuma. Anayeendesha ni mmoja, lakini wanaokaa nyuma ni watatu, na mara nyingi miongoni mwao yumo mzee. Camry ya 2017 ilishushwa paa, kutoka kimo cha milimita 1,470 hadi 1,445, na kiti nacho kikateremshwa ili vichwa vipate nafasi. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa akiingia kwa kuinamisha kichwa, kushika nguzo ya mlango, kukusanya baibui lake kwa mkono wa pili, na ndipo anajiachia kitini. Kutoka kulikuwa kuzito zaidi, na hakuweza mpaka mtu ampe mkono. Akishakaa, raha aliyoipata haikuwa na mfano, kwa maana miguu ilinyooka. Kwenye Premio aliingia na kutoka mwenyewe, na kiti cha nyuma cha gari hiyo kina faida ya kuweza kulazwa kidogo, jambo linalomfaa mtu mzima kwa safari ndefu. Mark X inamtesa anayekaa katikati, kwa sababu inasukumwa na tairi za nyuma, na shafti inayopeleka nguvu huko imelazimisha sakafu kuwa na mgongo mrefu, hivyo mtoto wa katikati huenda amepanua miguu kuanzia mjini mpaka mwisho wa safari. Basi mchukue mzee wako na watoto wako siku ya kuijaribu gari, na wao ndio watoe hukumu ya nyuma.

Upana nao upimwe kwa njia zetu. Camry na Atenza zote zina milimita 1,840, Mark X ya kuanzia 2009 ina 1,795, na Premio ina 1,695 tu. Baina ya Camry na Premio kuna sentimita 14 na nusu, na anayetafuta pahala pa kuegesha karibu na Darajani asubuhi, au ambaye nyumba yake iko ndani ya vichochoro vya Ng'ambo, atazihisi sentimita hizo kila siku.

Sasa haibridi, yaani gari inayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme. Camry zote za umbo hilo zilizouzwa katika soko la Japani zilikuwa haibridi, kwa hiyo ukionyeshwa isiyo haibridi, ujue imetoka soko jengine, na muulize muuzaji ni lipi. Toyota ilitangaza kilomita 28.4 kwa lita kwa Camry ya daraja la G kwa kipimo cha Japani cha JC08; usiifanye namba hiyo kuwa msingi wa bajeti yako, maana kipimo hicho hufanyika kwa masharti yasiyofanana na foleni na joto la hapa. Hata hivyo faida ipo, na kubwa zaidi huonekana mjini, kwa kuwa gari inapokwenda pole pole kwenye msongamano injini huzimika na umeme hufanya kazi. Betri kubwa, ambayo zamani ilikaa ndani ya buti, imehamishiwa chini ya kiti cha nyuma, na buti imepanuka. Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo hapo kwenye kiti. Sisi tunaorudi kutoka Paje na mchanga miguuni, na kurundika mikoba na mikeka nyuma, tunaweza kuliziba bila ya kujua, na betri ikipata joto umri wake hupungua. Kabla ya kununua, vua kifuniko cha tundu hilo utazame vumbi lililomo, kisha itafute gereji yenye kompyuta ya kusoma mfumo wa haibridi, na umlipe fundi akupimie betri. Muuzaji akikataa jambo hilo, ondoka.

Kuhusu Atenza nitasema machache. Usukani wake ni mzuri kuliko wote hapa, na iliyotoka mwishoni mwa 2012 ilikuwa mpya kwelikweli, lakini spea zake ni tabu kuzipata, na mara nyingi utasubiri mzigo kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam au nje ya nchi. Mark X ina injini tamu ya silinda sita, na asiye na familia ataipenda. Kwa bajeti ya mwenye watoto wa skuli naiona inakula mafuta bila ya sababu.

Gari yoyote utakayoichagua, idai karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari ilipouzwa huko, na uikague gari chini kwa tochi, kwa kuwa sehemu za baridi za nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu iliyoanza huko haitapumzika kwenye hewa yetu ya bahari. Redio nayo itahitaji kubadilishwa au kufungiwa kifaa, kwa sababu mawimbi ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na hayafiki zilipo stesheni zetu nyingi.

Kwa anayeishi Mjini Unguja, mwenye fundi wa haibridi anayemwamini na asiyebeba wazee kila siku, Camry ya 2017 inastahili kulipiwa zaidi kuliko wenzake. Kwa ndugu wa Pemba nashauri Premio ya lita 1.8, hata ile ya kabla ya 2016: milima ya baina ya Chake Chake na Wete inaipanda bila ya kulalamika, na ikiharibika itatengenezwa hapo hapo, haitasubiri spea ivuke na meli hadi Mkoani.