Kicheko cha marafiki husikikaje?

SWALI: Nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Wateja wawili wakija wanacheka, naweza kujua kwa sikio tu kama ni marafiki au wamekutana kwenye matatu?
Msomaji, Kondele

JIBU: Unaweza, ila sikio hukosea mara nyingi. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani, Gregory Bryant, na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika jamii 24. Wasikilizaji 966 walipewa vicheko vya watu wawili wakicheka pamoja, kila kimoja sekunde moja hivi. Walipatia asilimia 61. Kubahatisha kungewapa 50. Marafiki wanawake ndio waliotambulika kwa wepesi zaidi.

Usipime kwa ukubwa wa sauti. Hapo ndipo wengi huteleza, maana hata kicheko cha kumridhisha mkubwa huweza kutikisa mabati. Sikiliza kasi. Cha marafiki huja mbio, kwa vipande vifupi, sauti ikipanda na kushuka ovyo. Cha adabu hutoka he-he-he, kimepangika, kama mtu anayehesabu chenji.

Na anayecheka maneno yake mwenyewe usimwite mnafiki. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko, aligundua kwamba msemaji hucheka zaidi kuliko anayemsikiliza.