Mama, kabla hujakubali kwamba umerogwa: homoni na kumbukumbu

Sokoni Kibuye siku hizi tunalitaja waziwazi jambo ambalo mama zetu walilificha: ukifika miaka 45 kwenda 50, majina yanaanza kukupotea. Mteja wa miaka mingi amesimama mbele yako, sura unaijua, deni lake unalijua, jina halitoki. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama wanaouza mitumba, na kuna kipindi niliingia mikutanoni moyo ukinidunda nisije nikaulizwa nani ametoa na nani bado. Kumbe wenzangu nao walikuwa na hofu hiyohiyo. Mmoja aliambiwa na shemeji yake kwamba amerogwa. Mwingine alikuwa ameshajikatia tamaa, akiamini ni ule ugonjwa wa kusahau uliomshika marehemu mamake.

Kina mama wenzangu, jambo hili lina mzizi wake mwilini, na linaelezeka.

Estrojeni, homoni ya kike inayotoka hasa kwenye ovari (vifuko vya mayai) na kushuka hedhi inapoelekea kukoma, wengi tunaijua kwa mambo ya uzazi tu. Lakini seli za ubongo nazo huipokea, hasa zile za hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya kichwa, karibu na usawa wa masikio, ambako kumbukumbu mpya huundwa. Matawi ya seli hizo yamejaa vichomozo vidogo mno, kama miiba kwenye tawi la mchongoma, na kwa kawaida kila kichomozo ni mahali ambapo seli moja inapokea ujumbe wa nyingine. Maungano hayo ndiyo sinapsi. Mwaka 1990, Catherine Woolley, Elizabeth Gould, Bruce McEwen na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichunguza ubongo wa panya jike, ambaye mzunguko wake huchukua siku 4 au 5. Estrojeni ilipopanda, vichomozo viliongezeka. Ilipokwisha kushuka, vilipungua kwa karibu asilimia 30, tena katika muda wa saa 24 hivi. Panya walioondolewa ovari walipoteza vichomozo vingi, na walipopewa estradioli, aina kuu ya estrojeni, vikarudi. Hebu fikiria: ubongo wa mnyama mzima, aliyekwisha kukua, ukibadilisha maungano yake kwa siku moja!

(Wanaume msijitenge. Kwa panya dume, testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayolinda vichomozo hivyo, na ubongo wenyewe, wa kike na wa kiume, unaweza kuigeuza testosteroni kuwa estradioli.)

Ni kweli, sisi si panya. Lakini huko Marekani wanawake zaidi ya 2,000 walifuatiliwa kwa miaka 4, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: katika kipindi kile ambacho hedhi inarukaruka kuelekea kukoma, uwezo wao wa kujifunza mambo mapya ulizorota kidogo, kisha hedhi ilipokwisha kukoma ukarejea. Habari hiyo ilinituliza kuliko dawa yoyote. Kwa wengi wetu ni kipindi cha kupita.

Basi fanya nini? Anza na usingizi. Joto la ghafla linalokuamsha usiku huku shuka imelowa linakunyima usingizi ambao kumbukumbu inauhitaji, na lina tiba, kwa hiyo mweleze daktari bila haya. Pimwa pia damu, sukari, presha na tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea na upungufu wa damu navyo huleta usahaulifu. Andika. Mimi kila mchango naupitisha M-Pesa na kuuingiza daftarini palepale, mbele ya mtoaji. Na kama mtu anapotea njia ya nyumbani kwake, au hawezi tena kupika chakula alichopika maisha yote, hilo usilisingizie hedhi, mpeleke hospitali.

Vidonge vya homoni vinasaidia sana joto la ghafla, lakini si dawa ya kumbukumbu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike iliyotengenezwa) walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri (dimensha) mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Aliye karibu na umri wa kukoma hedhi ana hesabu tofauti, na hesabu hiyo aipige na daktari anayejua historia ya matiti yake na ya damu yake kuganda. Mwenye kuuza unga wa kuongeza homoni pale kando ya barabara hajui hata moja kati ya hayo.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Dada yangu wa Mumias alipangiwa kutolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Nilimsihi aulize: ovari nazo zinatolewa? Aliuliza, akajibiwa kwamba zake ni nzima, zitabaki. Wanawake wengi hawaulizi. Ovari zote mbili zikitolewa kabla ya umri wa kukoma hedhi, estrojeni ambayo ingeshuka polepole kwa miaka inaporomoka mara moja, na tafiti zimehusisha hali hiyo na hatari kubwa zaidi ya kumbukumbu kudhoofika uzeeni. Wakati mwingine hakuna budi, kwa mfano penye saratani. Hata hapo uliza sababu, na uliza kama utapewa homoni za kufidia hadi ufikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Uliza kabla ya kutia sahihi kwenye fomu ya ridhaa, na mtu wako akiwa kando yako anasikiliza.