Andika sarufi kwanza, kichanganuzi kitafuata

Wiki jana kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, nimekwama. Nimefuata kila hatua ya ANTLR lakini imekataa kusoma oda zangu za viazi." ANTLR ni zana inayosoma sarufi, yaani kanuni zinazoeleza jinsi maandishi yanavyopangwa, kisha inakutengenezea kichanganuzi, yaani programu ya kuyasoma maandishi hayo. Akaniambatishia faili lake la sarufi. Nilifurahi sana, maana nilipoanza mimi huku Kisumu sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Mnaonifuata mnaujua mfumo wa oda ninaowatunzia wauza samaki wa Dunga. Mteja anatuma ujumbe wa simu jinsi anavyozungumza: omena 5 gorogoro, mbuta 20 kilo, ngege (kubwa 10, ndogo 30). Mfumo unasoma, unahesabu, unampa mama orodha yake kabla mitumbwi haijafika. Unafanya kazi vizuri, na ninajivunia.

Lakini wazo hilo nililizaa kwingine. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja, jina lake nitaliacha. Pale oda zilisomwa kwa rejeksi (regex, ruwaza za kutafuta maneno ndani ya maandishi) zilizorundikwa moja juu ya nyingine; mteja akiandika kwa namna mpya, tunaongeza nyingine, na ya jana inaharibika. Mabano yakiingia ndani ya mabano, ndiyo basi kabisa. Nikapendekeza tuandike sarufi, zana itutengenezee kichanganuzi. Bosi akasema mbele ya wenzangu kwamba hayo ni mambo ya darasani, hapa tunatafuta pesa. Wakacheka. Kicheko kile bado kinaniuma. Nikaacha kazi, nikarudi nyumbani na kompyuta yangu na faili moja la sarufi linaloitwa Oda.g4.

Na ndugu zangu, darasani gani? Yacc ya Stephen Johnson, zana ya zamani ya kazi hiihii, ilitoka maabara ya Bell Labs miaka ya 1970, kwa ajili ya watu waliokuwa na kazi ya kufanya. ANTLR ya Terence Parr, toleo la 4, ipo tangu 2013. Unaeleza lugha yako kwa kanuni, na kanuni inaweza kujitaja yenyewe, ndiyo maana mabano hayaisumbui. Kisha kwenye teminali unaandika:

antlr4 -Dlanguage=Python3 -visitor Oda.g4

Unapata OdaLexer.py, OdaParser.py, OdaVisitor.py na wenzao. Usiyaguse mafaili hayo kwa mkono. Ukiendesha amri tena yanaandikwa upya, na jasho lako linapotea. Rekebisha sarufi, basi.

Sasa, kijana wa viazi. Zana ilimwambia kwamba kwenye mstari wa 1, nafasi ya 8, ilitarajia KIPIMO ikakuta debe. Yeye akaanza kubadilisha kanuni za juu, moja baada ya nyingine. Mimi nilimwambia aangalie kwanza tokeni, yaani vipande ambavyo zana inayakata maandishi kabla ya kuyapanga:

antlr4-parse Oda.g4 oda -tokens

Akaandika viazi 5 debe, na jibu likatoka wazi:

[@2,8:11='debe',<NENO>,1:8]

Umeona? Debe limesomwa kama NENO. Kwenye faili lake NENO : [a-z]+ (neno lolote la herufi ndogo) ilikuwa juu ya KIPIMO : 'debe' | 'gunia' (debe au gunia). ANTLR huchagua kanuni inayomeza herufi nyingi zaidi. Zikilingana, iliyoandikwa kwanza ndiyo inashinda. Kwa hiyo KIPIMO hakikupata nafasi hata siku moja. (Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, usije ukatafuta kosa kwenye herufi ya pembeni.)

Vijana wenzangu, someni kile zana inachowaambia! Tuna tabia ya kukimbilia kunakili msimbo wa watu wa mbali, halafu tunalalamika kwamba ufundi huu si wetu. Lugha ya oda za Dunga hakuna atakayekuandikia kule Marekani. Ya viazi vya Molo hali kadhalika. Anayejua kwamba "gunia na nusu" ni oda moja, si mbili, ni wewe uliyekulia sokoni. Kaa na wauzaji, andika wanavyosema, kigeuze kiwe kanuni. Anayekucheka mwache acheke.

Kwako, mdogo wangu wa Nakuru: pandisha KIPIMO juu ya NENO, endesha amri upya. Kisha hakikisha maktaba ya antlr4-python3-runtime ni ya toleo lilelile la zana, la sivyo utakutana na kosa jingine kabla hujasoma hata kiazi kimoja. Ukikwama kwenye "na nusu", nitumie faili.