Pembe kubwa haiji peke yake

Mkuu, umeuliza kama pembe au taya za mbawakawa dume zikikua, viungo vingine hubadilika pamoja nazo au ni bahati tu. Nimeshinda sana na masanduku ya wadudu waliokaushwa, kalipa (kifaa cha kupimia urefu) mkononi, na jibu langu ni kwamba hubadilika, ila kwa sababu mbili ambazo watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni kazi. Wachukue mbawakawa wa jenasi (kundi la spishi ndugu) Cyclommatus, wenye taya ndefu. Taya ni wenzo: ukiurefusha, nguvu kwenye ncha inapungua. Ndiyo maana kichwa cha dume ni kipana, kimejaa misuli ya kubana hizo taya. Bila misuli hiyo angebaki na pambo tu.

Mimi nawapenda zaidi fukusi wa jenasi Curculio. Jike hutoboa tunda kwa mdomo wake mrefu, kisha hugeuka na kuingiza mrija wa kutagia kwenye tundu lile lile. Mdomo ukirefuka na mrija usifike, katoboa bure. Yule wa Japani anayetaga kwenye mbegu za kamelia, mdomo wa jike unaweza kuupita mwili wake kwa urefu, na panapokuwa na matunda yenye ganda nene, midomo nayo ni mirefu zaidi. (Dume hatobolei mayai, na mdomo wake ni mfupi. Hilo peke yake linakwambia mengi.)

Sababu ya pili ni kugombea lishe. Mwaka 2001 mwanabiolojia Douglas Emlen alionyesha kwamba kwa Onthophagus, mbawakawa wa mavi, pembe ikiota mbele ya kichwa papasi (antena) hupungua, ikiota nyuma ya kichwa macho hupungua, ikiota kifuani ni mabawa. Hapo viungo havisaidiani kazi. Ni majirani wanaochota chungu kimoja mdudu anapojijenga kuwa mzima.

Kwa hiyo ukiona viwili vinapanda pamoja, uliza kwanza vinafanya kazi gani pamoja. Kimoja kikishuka, angalia vinaota wapi.

Halafu usichore spishi unazozilinganisha kwenye grafu kama vile hazina undugu. Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alilieleza hili mwaka 1985: spishi kumi zenye taya ndefu na kichwa kipana zinaweza kuwa zimerithi vyote kwa babu mmoja, yaani tukio moja, si kumi. Tafuta mti wa ukoo wa jenasi unayoichunguza, ulinganishe mabadiliko yaliyotokea tawi kwa tawi, ndipo useme viungo hivyo vimebadilika pamoja.